Tangazo linaleta wageni lakini ukurasa hauuzi: ukurasa wa kuuzia asali mtandaoni upangwe vipi?

Mrina_Sikonge ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninaendesha biashara ya kuuza asali kwa njia ya mtandao. Asali tunaichukua kwa warinaji wa Sikonge, mkoani Tabora, tunaichuja na kuifungasha, kisha tunaiuza kwa wateja ambao wengi wao wako Dar es Salaam, na wengine Dodoma, Mwanza na Arusha. Tuna asali ya nyuki wakubwa katika chupa za nusu kilo na kilo moja, na asali ya nyuki wadogo katika chupa ndogo. Bidhaa ina alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na biashara imesajiliwa.

Mwanzoni tulikuwa tunauza kupitia Instagram na WhatsApp peke yake. Tulipoona maswali ni yale yale kila siku, bei gani, mko wapi, mnatuma mikoani, tuliamua kutengeneza tovuti ili mteja ajisomee mwenyewe na kuagiza. Sasa tovuti imekamilika, tunalipia matangazo ya Facebook na Instagram, na takwimu zinaonyesha kwamba watu wanabofya tangazo na kufika. Hata hivyo, wengi wao wanaondoka bila kuagiza wala kuuliza, na baadhi wanarudi Instagram kutuuliza bei ambayo ipo kwenye tovuti.

Naomba niueleze ukurasa ulivyo ili mtakaoshauri mshauri mkiufahamu. Juu kabisa kuna picha tatu kubwa zinazopokezana: mizinga porini, mrinaji akiwa juu ya mti, na chupa zetu. Juu ya picha hizo kuna maandishi ya manjano yanayosema "Karibu kwenye ulimwengu wa asali". Chini yake kuna historia yetu, dira na dhamira, kisha zinafuata bidhaa, ambazo mteja lazima abofye moja moja ili aone bei. Akitaka kununua anatakiwa kwanza kufungua akaunti kwa barua pepe na nywila, ndipo aweke bidhaa kikapuni. Namba ya kulipia tunamtumia baada ya kupokea oda yake.

Ningependa kujua kipi hasa kinapaswa kukaa juu ya ukurasa, kama tangazo limpeleke mteja kwenye ukurasa wa mwanzo au kwingine, na tutajuaje kwamba mabadiliko yamesaidia wakati wageni wetu bado si wengi. Aliyetutengenezea tovuti anapendekeza tuongeze video na madoido zaidi, lakini mimi sioni kama tatizo ni uzuri.

FundiWaKurasa amejibu:

Ndugu Mrina, maelezo yako yenyewe yanaonyesha tatizo lilipo. Ukurasa wako umepangwa kwa ajili ya mtu anayeijua tayari biashara yenu na aliyetulia mbele ya kompyuta, ilhali anayefika ni mtu aliyekuwa akiperuzi Instagram kwenye simu, akaona chupa ya asali, akavutiwa na kubofya. Mtu huyo ana maswali machache na yote ni mahususi: je, hii ndiyo ile asali niliyoiona, ni shilingi ngapi, itanifikiaje hapa nilipo, na nitajuaje kwamba hawa si matapeli? Ukurasa unaouza huyajibu maswali hayo kwa mpangilio ule ule yanavyomjia, kabla hajachoka kusogeza kioo.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Tangazo lisimpeleke mteja kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa kuwa ukurasa huo kazi yake ni kumpokea kila mtu, kuanzia mwandishi wa habari hadi mtu anayetafuta kazi. Ikiwa tangazo linaonyesha asali ya nyuki wadogo, mteja akibofya akutane na chupa ile ile, kwa jina lile lile, na bei ikiwa chini yake. Akikutana na picha ya mti wakati alibofya chupa, atadhani amepotea, na kurudi alikotoka ni kugusa kioo mara moja tu. Tengenezeni ukurasa mmoja kwa kila bidhaa mnayoitangaza, na kwenye kurasa hizo punguzeni menyu na viungo vinavyomtoa mteja kwenye jambo lililomleta.

Katika sehemu inayoonekana kabla mtu hajasogeza chochote, ningeweka picha moja safi ya chupa, jina la bidhaa pamoja na ujazo wake, bei kwa shilingi, sentensi moja kuhusu usafirishaji, na kitufe cha kuagiza. Historia, dira na dhamira zihamie kwenye ukurasa wake, na atakayezihitaji atazifuata huko. Maneno "Karibu kwenye ulimwengu wa asali" hayamwambii mteja chochote anachokitafuta, lakini "Asali ya nyuki wakubwa kutoka Sikonge, Tabora, chupa ya kilo moja" yanamthibitishia mara moja kwamba amefika mahali sahihi. Picha zinazopokezana ziondolewe kabisa: ya kwanza humtoroka mgeni akiwa bado anaisoma, ya tatu karibu hakuna anayeisubiri, na zote tatu zinapakuliwa kwa bando lake.

Hapo kwenye bando ndipo tovuti nyingi za kwetu zinapoharibikiwa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa na megabaiti nne au tano. Ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 hivi na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, ambao Google waliutoa mwaka 2010, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye kioo cha simu jicho halitambui tofauti. Mwaka 2016 Google walitoa takwimu kwamba asilimia 53 ya ziara za simu huishia njiani ikiwa ukurasa unachukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Vipimo vikuu wanavyovitumia leo ni vitatu: kitu kikubwa zaidi kilichopo kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vilivyomo visirukeruke wakati ukurasa unaendelea kufunguka, kwa alama isiyozidi 0.1. Ingizeni anwani yenu kwenye PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya ukurasa, ambayo ni ya bure, na msome matokeo ya simu badala ya yale ya kompyuta, ambayo karibu kila mara hupendeza kuliko hali halisi.

Kuhusu kurukaruka, mwambieni fundi wenu aandike upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Bila hivyo mteja ananyoosha kidole agonge "Agiza", picha iliyochelewa inafunguka juu ya kitufe, kitufe kinasukumwa chini, na kidole kinaangukia kiungo kingine kabisa. Vilevile, kile kipengele cha kuchelewesha upakuaji wa picha hadi mteja aikaribie kitumike kwa picha za chini tu; kikiwekwa kwenye picha ya juu, kitu cha kwanza ambacho mteja anakihitaji ndicho kitakachochelewa.

Maandishi ya manjano nayo yabadilishwe. Ninaelewa kwamba ndiyo rangi ya asali, lakini mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa kusomeka na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na manjano angavu juu ya nyeupe haifikii hata 2 kwa 1. Mteja aliye kituo cha daladala saa saba mchana, jua likiwa kwenye kioo, hataona neno. Manjano iwe ya mapambo, maandishi yawe ya kahawia iliyokolea.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hata mafundi husahau. Kiungo kinachobofywa ndani ya Instagram au Facebook kwa kawaida hufunguka kwenye kivinjari cha ndani cha programu hiyo hiyo, na humo nywila ambazo mteja alizihifadhi Chrome huenda zisipatikane. Kwa hiyo ijaribuni safari nzima kuanzia kwenye tangazo lenyewe, kwa simu ya kawaida ya Android na kwa data ya mtandao wa simu, si kwa Wi-Fi ya ofisini.

MuuzaViungo_Unguja amejibu:

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Nakubaliana na Fundi kuhusu kasi na mpangilio, lakini ukurasa unaweza kufunguka kwa kufumba na kufumbua na bado usiuze, kwa sababu mteja wetu anaogopa kutapeliwa kuliko anavyochukia kusubiri. Kila mmoja wetu ana ndugu aliyetuma pesa kwa duka la mtandaoni na mzigo haukufika. Mimi nauza karafuu, iliki na mdalasini kwa wateja wa bara, na nina hakika kwamba sehemu ya ukurasa inayoeleza sisi ni nani na mzigo unasafirije ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko picha zote.

Wekeni jina kamili la biashara kama lilivyosajiliwa, mahali mnapopatikana kwa kutaja mtaa na alama ya karibu, na namba ya simu ambayo mtu akiipiga inapokelewa. Picha ziwe zenu, zilizopigwa kwenye ghala lenu, na mojawapo ionyeshe lebo kwa karibu kiasi kwamba alama ya TBS na tarehe ya kufungasha vinasomeka. Namba ya malipo msiifiche hadi baada ya oda. Mteja anapoingiza Lipa Namba kwenye simu yake, kabla hajaweka namba ya siri huoneshwa jina la anayelipwa, na hapo ndipo wengi huamua kuendelea au kughairi. Kama ukurasa unasema jina moja na simu inamwonyesha jina jingine, mmempoteza, na hatawaambia kwa nini.

Usafirishaji uelezwe kwa maeneo na kwa bei. "Tunatuma mikoa yote" ni maneno ambayo kila tapeli anayaandika. Semeni kwamba ndani ya Dar es Salaam mzigo unapelekwa na bodaboda kwa kiasi fulani, na kwamba wa mkoani unatumwa kwa basi, nani analipia, na mteja atapewa nini mkononi ili aukomboe stendi. Asali iko kwenye chupa, kwa hiyo semeni pia chupa ikivunjika njiani hasara ni ya nani. Mimi ningeandika kwamba ni ya muuzaji, na ningeliandika jambo hilo karibu na kitufe cha kuagiza, kwa sababu hapo ndipo hofu inapomjia mtu.

Kwenye asali kuna hofu nyingine ambayo viungo havina: mteja anaogopa kuuziwa maji ya sukari. Wengi wanaamini kwamba asali ikiganda imechanganywa na sukari, na ukurasa wako, kwa jinsi ulivyoueleza, haugusii jambo hilo hata kidogo. Wewe unajua kwamba asali halisi ina glukosi nyingi ambayo hujitenga ikawa chembechembe, hasa kwenye baridi, hivyo mteja wa Arusha au Njombe anaweza kuiona imeganda mwezi wa saba wakati mwenzake wa Temeke hajaona chochote. Andika hivyo katika aya mbili fupi, weka picha ya chupa iliyoganda kando ya ile isiyoganda, na umwambie namna ya kuirudisha, kwa kuiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu yasiyochemka. Gusia pia lile jaribio la kuchovya kijiti cha kiberiti na kukiwasha, ambalo halithibitishi usafi wa asali, ili asije akalifanya nyumbani na kuwatangaza vibaya.

Asali ya nyuki wadogo inahitaji maelezo yake peke yake. Kwa asili ni nyepesi, ina uchachu, na ina maji zaidi ya ile ya nyuki wakubwa, ambayo viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka maji yake yasizidi asilimia 20. Mteja anayeinunua kwa mara ya kwanza bila kuambiwa hayo, akaona inamiminika kama sharubati na bei yake iko juu, atasema mmeiongezea maji. Ukimweleza mapema, ule wepesi wenyewe utakuwa ushahidi kwamba amepata alichoagiza.

Andikeni kwa Kiswahili, na kiwe Kiswahili hadi kwenye vitufe na ujumbe wa makosa, maana tovuti nyingi zina maelezo ya Kiswahili lakini vitufe vimebaki na Kiingereza kilichokuja na kiolezo. Wekeni tahadhari kwamba asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Msiandike kwamba asali inaponya magonjwa, hata kama wateja wenyewe wanasema hivyo kwenye maoni yao. Sera za matangazo za Meta, wamiliki wa Facebook na Instagram, hazikubali madai ya afya yanayopotosha, na zaidi ya hilo, si haki kumuuzia mgonjwa tumaini kwa chupa ya kilo moja.

Mwisho, kwa wateja wetu kitufe kikuu kiwe cha WhatsApp. Watu wanataka kuzungumza na mtu.

Mrina_Sikonge ameuliza tena:

Nawashukuru sana. Suala la asali kuganda ni kweli tupu, tunaulizwa kila wiki na hatukuwahi kufikiria kwamba mahali pake ni kwenye ukurasa wa bidhaa.

Naomba ufafanuzi wa mambo mawili. Tuliweka sharti la akaunti ili tuwe na kumbukumbu za wateja na tuweze kuwaarifu msimu mpya wa mavuno unapofika. Tukiliondoa, kumbukumbu hizo tutazipata wapi? Na kuhusu WhatsApp, tulijenga tovuti ili kupunguza maswali ya mmoja mmoja. Je, kitufe cha WhatsApp hakitaturudisha kule kule?

FundiWaKurasa amejibu:

Kuhusu akaunti, liondoeni sharti hilo bila kusita. Mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, alieleza mwaka 2009 kisa cha duka kubwa la mtandaoni lililokuwa likiwalazimisha wanunuzi kujisajili kabla ya kulipa. Walikibadilisha kitufe cha kujisajili kuwa cha kuendelea, wakaweka maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima, na idadi ya wanunuzi ikapanda kwa asilimia 45, jambo lililoliingizia duka hilo takriban dola milioni 300 zaidi katika mwaka wa kwanza. Kumdai mtu nywila kabla hajanunua ni sawa na muuza vitenge wa Kariakoo kumtaka mteja aandike jina kwenye daftari kabla ya kukunjuliwa kitambaa. Sisi tuna sababu ya ziada, kwamba wateja wetu wengi hawaitumii barua pepe mara kwa mara, na wengine hata hawaikumbuki anwani yao.

Kumbukumbu mtazipata kwenye fomu ya kuagiza. Ombeni jina, namba ya simu, na mahali pa kupeleka mzigo, hayo yanatosha. Kisanduku cha namba ya simu kifungue kibodi ya tarakimu, na kipokee namba iwe imeanza na 07, 06 au +255, ikiwa na nafasi katikati au haina, kwa sababu kompyuta inaweza kuipanga namba yenyewe na hakuna haja ya kumgombeza mteja kwa maandishi mekundu. Kisanduku cha anwani kisimdai jina la barabara, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Kiseme "Eneo na alama ya karibu", naye ataandika "Tabata Segerea, karibu na sheli", na bodaboda atafika. Chini ya hapo wekeni kisanduku ambacho hakijawekwa alama, kisemacho "Nijulishwe asali ya msimu mpya ikifika", na atakayekiweka alama mwenyewe ndiye mteja mtakayemwandikia.

Kuhusu WhatsApp natofautiana kidogo na Bi Muuza Viungo. Kitufe kiwepo, lakini kiwe cha pili. Kitufe cha "Agiza" kiwe na rangi iliyojaa, na kile cha "Uliza kwa WhatsApp" kiwe na mstari wa pembeni tu, chini yake, vyote viwili vikiwa na kimo kisichopungua pikseli 48 ili kidole gumba kisikose. Kiungo cha wa.me, yaani kile kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp, kinaruhusu kuweka ujumbe tayari, kwa hiyo mteja akikigusa akute pameandikwa "Habari, nauliza kuhusu asali ya nyuki wadogo", nanyi mtajua ametoka ukurasa upi. Maswali yatapungua kwa sababu majibu ya bei na usafirishaji tayari ameyasoma, na atakayebaki kuuliza ni yule anayekaribia kununua. Ila kitufe hicho ni ahadi: andikeni saa ambazo kuna mtu wa kujibu, na mzitimize.

Mtakwimu_Mombasa amejibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Niruhusuni nizungumzie swali ambalo halijajibiwa, la namna ya kujua kwamba mabadiliko yamesaidia.

Idadi ya waliobofya tangazo haiwaambii kitu kuhusu ukurasa. Hesabuni hatua kwa hatua: waliofika, waliogusa "Agiza" au WhatsApp, waliomaliza fomu, na waliolipa. Google Analytics inaweza kurekodi mguso wa kila kitufe kama tukio, mradi fundi alisajili tukio hilo, na kila kiungo cha tangazo kiwekewe alama yake ya utambulisho ili mjue oda imetoka tangazo lipi. Mkiona wengi wanafika na hakuna anayegusa kitufe, tatizo liko juu ya ukurasa au kwenye tangazo lililoahidi kitu kingine. Wakigusa kitufe na wasimalize fomu, tatizo ni fomu. Wakimaliza fomu na wasilipe, rudini kwa yale aliyoyasema Bi Muuza Viungo kuhusu jina linalotokea kwenye simu.

Watu watawashauri mjaribu matoleo mawili ya ukurasa kwa wakati mmoja, nusu ya wageni waone hili na nusu waone lile. Mbinu hiyo ni nzuri, na mfano wake maarufu ni wa kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2008, ambapo timu ya Dan Siroker ilijaribu vitufe 4 pamoja na picha na video 6, jumla ya michanganyiko 24. Wafanyakazi wa kampeni waliipenda video, lakini video zote zilishindwa na picha, na picha ya familia pamoja na kitufe cha kumwalika mtu ajue zaidi vilipandisha kiwango cha waliojiandikisha kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Fundi wenu anayetaka video angefaa kukijua kisa hicho. Lakini zingatieni kwamba jaribio lile lilikuwa na wageni zaidi ya 300,000. Kwa biashara yenye wageni wachache, tofauti kati ya matoleo mawili inaweza kuwa bahati tu, na mtajikuta mmeamua rangi ya kitufe kwa sababu ya oda mbili tatu.

Kwenu ninyi jaribio la maana ni kukaa na watu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi yaliyopo kwenye tovuti. Tafuteni watu watano ambao hawajawahi kuiona tovuti yenu, wawe wa aina ya wateja wenu, mama wa nyumbani, kijana wa dukani, mwalimu, kila mmoja na simu yake mwenyewe. Mwambieni kila mmoja: "Nunua chupa ya kilo moja iletwe Mbagala," kisha mnyamaze. Msimwelekeze, msimsahihishe, hata akikwama. Angalieni kidole gumba kinasita wapi, anasoma kitu gani kwa sauti, na anarudi nyuma akiwa wapi.

Mkishabadilisha, linganisheni vipindi vinavyofanana. Wiki ya mishahara msiilinganishe na katikati ya mwezi, na Ramadhani, ambapo asali hununuliwa sana, msiilinganishe na mwezi wa kawaida.

Niongeze jambo kuhusu kumbukumbu za wateja. Kwenu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; kwetu Kenya tunayo ya mwaka 2019. Kwa hiyo majina na namba mnazozikusanya zina sheria yake, na sentensi moja chini ya fomu inayoeleza mtazitumia kwa kazi gani ni haki ya mteja.

Mrina_Sikonge amejibu:

Ndugu zangu, nimekaa na mwenzangu na tumeandika upya sehemu ya juu ya ukurasa wa chupa ya kilo moja. Picha ni moja, chupa juu ya meza na lebo inasomeka. Maandishi ni haya:

"Asali ya nyuki wakubwa kutoka Sikonge, Tabora. Chupa ya kilo 1, Sh. 20,000. Dar es Salaam unaletewa na bodaboda kwa Sh. 5,000, mikoani tunatuma kwa basi. Chupa ikivunjika njiani tunakutumia nyingine." Kisha kitufe cha "Tuma oda sasa", na chini yake "Uliza kwa WhatsApp, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku". Maelezo ya asali kuganda yanafuata mara tu mtu anaposogeza kioo, kisha Lipa Namba, kisha fomu.

Kuna suala moja limebaki. Lipa Namba yetu ilisajiliwa kwa jina la mwenzangu kabla biashara haijasajiliwa, hivyo mteja anaona jina la mtu.

MuuzaViungo_Unguja amejibu:

Maandishi yamekaa vizuri sana, ndugu yangu. Ningerekebisha mawili. "Mikoani tunatuma kwa basi" bado haina bei wala siku. Weka kiasi cha Mwanza, Dodoma na Arusha, kwa kuwa hao ndio wateja wako, na useme mzigo unaondoka Dar es Salaam siku zipi. Kwenye kitufe ondoa "sasa", maana inamharakisha mtu ambaye bado anawapima. "Agiza chupa hii" inatosha.

Lipa Namba ombeni ya jina la biashara kwa kutumia cheti chenu cha usajili na leseni, na simamisheni matangazo ya kulipia hadi itakapopatikana. Oda zitakazokuja kabla ya hapo ziwekeeni mstari juu ya namba unaosema wazi kwamba jina litakalotokea kwenye simu ni la mmoja wa wamiliki, mlitaje kama litakavyoonekana herufi kwa herufi, na jina hilo hilo lionekane pia kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" pamoja na picha yake, ikiwa mwenyewe ameridhia.

Mrina_Sikonge amejibu:

Ameridhia. Matangazo tumeyasimamisha tangu asubuhi, na kesho tunapeleka nyaraka za kuombea namba mpya. Bei za basi nitaziweka leo baada ya kuzungumza na wakala wa stendi.